Baiskeli Niliyoichagua kwa Kinywa Changu

Usicheke kwanza. Ukiona natunga, siku ukifika Kasongo muulize yule mama anayechoma mahindi pale barabara ya Kabambare inapoingia mjini. Alimuona abiria wangu kwa macho yake, na si mtu wa maneno mengi. Mimi sikumuona tu. Mimi nilimbeba.

Mimi ni mwalimu. Shule yangu iko kijijini, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kabambare, na nyumba yetu iko mjini. Zamani nilikuwa nakwenda kwa miguu, jua linanichoma, matope yananivua viatu, madereva wa moto, yaani pikipiki, wananirushia vumbi. Mwishowe nikachoka. Nikasema nitatafuta kinga, maana kwetu baiskeli ndiyo tunaiita hivyo.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, Saidi. Saidi ni mtoto wa mama mkubwa, Mama Zaina. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, na Mama Zaina, aliyekuwa akimnyonyesha Saidi, akanipa ziwa la pili. Basi Saidi kwangu si mtoto wa mama mkubwa tu, ni ndugu. Hata dini yetu inasema hivyo. Siku zile alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare, amekonda, macho mekundu kama ya mtu asiyelala. Sote tulidhani ni malaria.

Tukaenda sokoni pamoja. Kulikuwa na kinga nyeusi mpya, zile za kubebea magunia ya muhogo. Saidi akaikagua, akaisifu, kisha akanirudisha nyumbani. Akatoa chumbani kwake kinga nyekundu, ya mlima, tairi nene zenye meno, vitesi, yaani gia, mbele na nyuma.

"Angalia, dada," akaniambia. "Ile nyeusi iko nguvu, itabeba hata mbuzi. Lakini ku mulima utashuka usukume, na mvua ikinyesha freni zake hazishiki. Hii iko nyepesi, na freni zake zinashika hata ku matope. Ubaya wake ni meno ya tairi. Ku barabara kavu yanakuvuta nyuma, unachoka bure. Nitakuwekea tairi za meno madogo, na garde-boue za kuzuia matope, na porbagaji ya kufunga vitabu nyuma. Nikupandishe na kiti, muguu unyooke."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kuhusu baiskeli hakunidanganya hata neno moja.

"Basi nipe hii," nikamwambia.

"Apana. Kukupa nitakupa bure, lakini siwezi kukuchagulia. Chagua weye mwenyewe."

"Nachagua hii ya mlima."

"Sema tena, nisikie muzuri."

"Nachagua hii!" Nikacheka. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru mpaka machozi yakanitoka. Nani angenipa zawadi kama ile? Saidi akageuza uso pembeni. Nikadhani na yeye analia.

Kwenda shuleni ilikuwa raha. Milima niliyokuwa naihesabu kwa jasho, sasa naipanda nimeketi. Lakini kurudi, niamini, kurudi kulikuwa kazi nyingine. Nikifika daraja la magogo, kinga inakuwa nzito ghafla. Mchana kweupe, barabara inateremka, mimi nakanyaga kama nimebeba mtu. Nikakagua freni, hazigusi. Nikakagua tairi, zina upepo. Nikamwambia Saidi. Akanijibu, "Utazoea."

Siku moja tulikuwa na mkutano wa walimu, nikachelewa. Nilifika darajani magharibi inaingia. Kinga ikawa nzito kama kawaida, na kitesi kimoja kilichokuwa kinanisumbua kikagoma kabisa. Nikashuka nikasukuma.

Kijana mmoja alikuwa anatembea kando yangu. Sikumuona akija. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha tangu jana yake. Mguu mmoja ulikuwa na buti la mpira kama la wachimbaji. Mwingine ulikuwa mtupu, mweupe, hauna hata tone la tope, na barabara ile ilikuwa tope tupu.

"Jambo, mama mwalimu. Ile vitesi inakukatalia, eh? Sukuma kwa kidole gumba mpaka mwisho, kisha rudisha kidogo. Ndo tabia yake."

Nikafanya. Mnyororo ukaingia mahali pake, taratibu kabisa.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Saidi hakukuonyesha?"

"Unamjua Saidi?"

"Tulikuwa tunalala ku hema moja. Homa ilinishika tukitoka machimbo, nikashindwa kutembea. Akaniweka kando ya mto, akasema, Bahati, nipe kinga yako, nikimbie Kabambare, nikuletee munganga. Nikamupa."

"Na alirudi?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Dada, kama alirudi, miye iko natembea sababu gani?"

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi.

"Soma tu," akasema. "Sina ubaya na weye. Nimechoka tu. Nibebe kidogo."

Nilisikia porbagaji ikilia, na tairi ya nyuma ikabonyea. Ubaridi ukanigusa mgongo. Ningeiacha ile kinga nikimbie, si kweli? Wewe ungekimbia. Lakini mikono yangu haikufunguka. Nikasukuma hivyo hivyo, jasho linanitoka na meno yananigongana, mpaka nikaona moto wa yule mama wa mahindi.

Akainua uso. "Mwalimu, mugeni wako iko na baridi. Mupatie basi hata kikwembe ajifunike."

Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Kibao cha porbagaji kilikuwa kinachuruzika maji.

Nyumbani nilimkuta Saidi uani, anakula. Nikaiangusha kinga mbele yake.

"Bahati anakusalimia," nikasema.

Hakuuliza Bahati ni nani. Aliacha kutafuna. "Alitembea kando yako," akauliza, "ao alipanda nyuma?"

"Alipanda."

Basi Saidi akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu anayetua gunia. Nimemsamehe mengi ndugu yangu, ile pumzi sijaweza.

Mama Zaina alikuwa ametoka ndani, amesikia. Akamkalia mbele mpaka akasema yote. Kwamba alifika Kabambare, akaogopa kurudi porini peke yake, akaendelea na safari juu ya kinga ile ile. Kwamba tangu afike Kasongo, Bahati alikuwa akimjia, hapumziki. Kwamba mganga mmoja upande wa Nyangwe alimwambia maiti yule hataki kinga, anataka mgongo wa kumbeba. Atamwacha Saidi siku mtu aliyenyonya naye ziwa moja atakapoichagua kinga ile kwa kinywa chake mwenyewe, bila kulazimishwa, na kushukuru.

"Nilikuwa nakufa, dada," Saidi akasema.

"Na mimi?"

"Weye unasali sana. Nilifikiri hatakuweza."

Mama Zaina akasimama. Kisha akasema, "Saidi, maziwa yangu niliwagawia. Sikukupa uyauze." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulifanya tuliloweza. Shehe alisoma. Mimi na Mama Zaina tuliipeleka kinga Kabambare, tukawakabidhi wachimbaji waliokuwa na Bahati. Wakatuonyesha walipomzika, kando ya mto, nasi tukamwombea, kila mtu kwa dini yake. Walisema wataifikisha kinga kwa mama yake, mbali huko mashariki. Saidi tulimsihi aje, aombe radhi mwenyewe pale kaburini. Alikataa. Mpaka leo anakataa. Amenenepa, ameoa, analala usingizi wake wote. Tukikutana ananiita dada, na mimi naitika, kwa ajili ya yule mama aliyetunyonyesha. Lakini chakula alichogusa sikili.

Na wewe unayetafuta baiskeli ya kwendea kazini, chagua tairi inayofaa barabara yako, kagua freni, pima kiti. Hayo fundi yeyote atakuonyesha. Ila mtu akikubembeleza useme mara ya pili kwamba umechagua, hata kama mmenyonya ziwa moja, funga mdomo wako. Nenda nyumbani kwanza. Uliza nani alikuwa anaipanda, na yuko wapi sasa.

Mimi nimerudia kwenda kwa miguu. Nikipita daraja lile jioni, mabega yananilemea na mgongo unapoa. Bahati haniumizi. Ananiuliza neno moja tu: "Saidi iko anakuja?"

Namjibu, "Bado, kaka." Halafu tunaendelea kutembea.