Kompaila Iliyojijenga Yenyewe

Mwenzangu alikuja ofisini alasiri moja kuchukua vitu vyake. Ofisi ni neno kubwa. Ni chumba kimoja juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo hapa mjini Kakamega. Humo sisi wawili, tuliosoma chuo pamoja, huandika programu ya kuwajulisha wakulima wa miwa zamu yao ya kuvuna inapofika. Alikuwa ameamua kuiacha kazi hii kabisa, arudi kwao Malinya afuge mafahali wa kupigana.

Sababu niliijua, maana tulikuwa tumebishana wiki nzima. Yeye ndiye aliyetangulia kutumia akili mnemba, akaisifu mpaka masikio yangu yakachoka. Unaiambia unachotaka, inakuandikia. Mimi ni mbishi, nikaendelea na kihariri changu cha skrini nyeusi, ninamoandika kila mstari mwenyewe, naye akanicheka kwamba nalima kwa jembe na trekta iko pale. Kisha, polepole, kicheko chake kikaisha.

"Mimi sasa ni karani," aliniambia akikunja waya wa chaja. Chaja hiyo ilikuwa yake, nasi tulikuwa tukiitumia wote wawili tangu yangu iungue. "Naulizanga, inajibu, nanakili. Hakuna kitu ya kushangaza hapa tena."

"Si urudi kwa njia yangu basi."

"Yako pia ni ile ile. Hiyo kompaila unatumianga kila siku, unajua inafanya aje ndani?"

Kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi yetu yawe tarakimu ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Nilikuwa na jibu moja tu, nalo la kusikia. Nikamwambia kwamba imeandikwa kwa lugha ile ile inayoitafsiri.

Akasimama, mkoba begani. "Sasa yenyewe ilitafsiriwa na nani?"

"Na kompaila ya zamani kuliko hiyo."

"Umeona, ama umesoma tu?"

Nilikuwa nimesoma tu, na swali lile liliniuma. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, kwa hiyo hangeweza kwenda popote. Nikamwambia akae tuone.

Nilipakua maandishi ya kompaila moja ndogo ambayo wenyewe wameyaacha wazi kwa yeyote. Tukaijenga kwa kutumia kompaila ya zamani. Kisha ile mpya tukaipa maandishi yake yenyewe, ijijenge. Iliyozaliwa hapo nayo tukaipa maandishi yale yale. Tulipokwama njiani, mwenzangu aliiuliza ile akili mnemba yake, ikatueleza vizuri sana, nami nikafunga mdomo. Kama hatukukosea, kompaila mbili za mwisho zilipaswa kufanana tarakimu kwa tarakimu.

Nikaandika amri ya kuzilinganisha. Amri hiyo ikiona tofauti huitaja. Isipoona, haisemi kitu. Nikabonyeza.

Haikusema kitu.

Tulikaa tukiitazama ile skrini. Mama yangu huko Malava hutundika mahindi mazuri ya msimu juu ya moshi wa jikoni yawe mbegu. Yalitoka kwa mahindi ya msimu uliopita, nayo hayo yakatoka kwa mengine, na sijawahi kujiuliza yalianzia wapi. Huku nako kompaila ilitoka kwa kompaila, kurudi nyuma mpaka kwa mtu fulani aliyeketi akapanga tarakimu za kwanza kwa mkono. Kila nilichowahi kuandika kilisimama juu ya kazi ya mtu huyo, nami sikuwa nimemwaza hata mara moja. Nilifurahi kama mtoto, na nilikuwa na hofu kidogo, ile hofu njema niliyokuwa nikiisikia kanisani nikiwa mdogo wimbo ukipanda.

"Iko sawa," mwenzangu akasema kwa sauti ya chini. "Ati iko sawa yote."

Laptopu yangu ikaonya kwamba betri inaisha. Nje mvua ilikuwa imekatika, na pikipiki zimeanza kusikika tena barabarani. Alitazama mlango. Sikumwomba abaki, ingawa nilitaka sana. Akafungua mkoba, akatoa chaja, akaichomeka ukutani, kisha akavuta kiti chake karibu na changu.

"Ile ya kwanza kabisa," akasema. "Sisi tunaweza kuipanga kwa mkono?"