Pua ya Mzee Jaza

Jina la Jaza alilipata kwenye kituo cha mafuta, ambako tangu ujana hadi mvi alisimama kati ya pampu mbili, akiinama kwenye madirisha ya magari na kuuliza, "Nijaze?" Kituo kilipofungwa, mwenye kituo alimmegea kiwanja nyuma ya uzio kiwe kiinua mgongo chake. Jaza akajenga vyumba vitatu, akachimbisha kisima, akatembea kifua mbele. Mtaa mzima ulikuwa ukisubiri maji ya bomba kama anavyosubiriwa mdaiwa. Yeye alikuwa na kamba yake na ndoo yake.

Aliyeyakataa maji hayo alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, waliyekaa naye nyumba moja.

"Baba, chai hii ina petroli," alisema asubuhi moja, akikirudisha kikombe mezani.

Jaza alikichukua, akakinusa, akakimaliza kwa mkupuo. "Mimi naona majani na sukari. Petroli nimeishi nayo, mwanangu. Itanipita mimi ije ikutafute wewe?"

Mwanawe akacheka. "Mwache, Baba. Huyu hata mvua ikinyesha atasema ina chumvi."

Mke wa Jaza alikuwa akifuta meza. Aliendelea kufuta.

Mtoto mchanga alipotokwa na vipele shingoni na mapajani, mkwe aliacha kumwogesha kwa maji ya kisima. Kila siku alipita mbele ya majirani na ndoo kichwani, akienda kuteka kwenye bomba la mtaa wa pili. Jaza akaona anavuliwa nguo hadharani. Jioni moja alimsubiri mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, "Anayesema maji ya nyumba hii yananuka ajinuse roho yake kwanza!"

Yule binti aliitua ndoo, akakusanya nguo za mtoto, akaenda kwao. Mume wake hakumfuata. Baba alikuwa amesema, naye tangu utotoni alijua kwamba kwa mambo ya mafuta baba yake hakosei.

Baadaye kituo kilipata mnunuzi aliyetaka kujenga ghorofa, lakini asingepewa kibali kabla udongo haujapimwa. Likaja lori lenye mashine ya kuchoronga ardhi, na mpimaji, msichana mwembamba mwenye mabuti ya mpira. Mifuniko ya matangi ilikuwa imezikwa chini ya saruji. Nani anayejua yalipo? Akaitwa Jaza. Alikuja amechana ndevu.

"Moja hapa, moja pale," alionyesha kwa fimbo. "Na hili la katikati tulikuwa tunaliita Mlevi."

"Kwa nini Mlevi, mzee?"

"Linakunywa, binti yangu! Jioni unalipima kwa ufito, unafunga, unakwenda zako. Asubuhi unapima tena, limepungua, na hakuna aliyeuza hata tone. Bosi akasema ni mvuke. Sisi tukasema, mlevi kaamka na kiu."

Mpimaji hakucheka. Alitazama jinsi ardhi ilivyoinama kuelekea kwenye uzio, kisha akatazama bati lililong'aa ng'ambo yake. "Nyumba ile ni ya nani?"

Walichoronga karibu na uzio. Bomba la mashine lilipopandishwa na kufunguliwa, udongo wa juu ulikuwa mwekundu, wa chini kijivu, unateleza kama uliopakwa mafuta ya nywele. Fundi wa mashine aligeuza uso. Dereva, aliyekuwa kando ya lori, alizima sigara yake upesi. "Jamani! Hapa mtu akiwasha kiberiti tunahama wote!"

Jaza aliinama, akavuta pumzi. "Udongo tu huu. Una unyevu."

Wakacheka. "Mzee ana utani huyu!"

Aliinama tena, pua ikakaribia kugusa tope, akavuta hadi mbavu zikauma. Hakupata kitu. Alipoinua kichwa, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mzee," mpimaji alisema polepole, "harufu hii huisikii?"

Aliyafikiria magari aliyoyafyonza mafuta kwa mpira na mdomo wake mwenyewe, na mikono aliyoinawa kwa petroli kila jioni kuondoa grisi. Hata yeye hakujua pua yake ilikufa lini. Haikumuaga.

Mpimaji alishusha chupa yake kisimani. Ilipotoka, juu ya maji palielea utando wa rangirangi. "Maabara watasema ni kiasi gani," alisema, "lakini kwamba imo, tunaiona. Kifunike leo, mzee. Msinywe, msioge."

Jaza aliingia jikoni. Mke wake alikuwa ameinamia sufuria.

"Mama, maji yetu yananuka?"

"Yananuka."

"Tangu lini?"

"Tangu kisima kichimbwe."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni wewe." Hakuinua macho. "Umekuja na harufu hiyo tangu siku uliyonioa. Shuka, mto, kichwa cha mtoto ukishambeba. Ulipoacha kazi haikwisha, nikasema imeshaingia mwilini. Sasa nikwambie nini, mume wangu unanuka?"

Alitoka uani, akampigia mkwewe simu. Alimweleza yote, akaomba radhi, ulimi mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino. Upande wa pili mtoto alikuwa akilia.

"Hao wataalamu wamekwambia maji yana petroli?" mkwe aliuliza.

"Wameniambia."

"Na wao umewaamini."

"Mwanangu, rudi nyumbani..."

"Baba, mtoto analia," alisema, akakata.

Jaza alikifunika kisima kwa bati, akaweka mawe juu yake. Akachukua ndoo, akashika njia ya mtaa wa pili, akasimama nyuma ya foleni kwenye bomba.

"Mzee Jaza!" jirani mmoja alipaza sauti. "Leo na wewe? Kisima kimekauka?"

"Kimejaa," alisema, akasogeza ndoo yake mbele.