Shibiri ya Mwambani

Mwezi uliopita nilirudi Palma, Msumbiji, na kabla hata sijatua mzigo wangu kwa shangazi, niliteremka pwani. Nilitaka kunusa tu. Maji yalikuwa yanajaa. Juu ya mawe alikaa msichana aliyevaa sare ya jikoni, zile za wanaopikia wafanyakazi wa kambi ya Afungi, mshipi wake wa kuvulia kauzungushia chupa ya plastiki. Akavuta samaki, changu mdogo. Hakumtia ndooni. Alimlaza juu ya jiwe, akatanua mkono wake kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, akampima. Nikabaki nimesimama pale, viatu mkononi, moyo unanienda mbio kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

Na kweli, ndugu yangu, ni kama nilikuwa nimeitwa. Zamani watu wa kwetu waliniita Shibiri.

Kwetu hakukuwa Palma mjini. Tulikaa ng'ambo ya ghuba, upande wa Afungi, kijiji cha minazi na mihogo ambacho leo ukikitafuta hukioni. Wavuvi hasa, wenye vyombo na nyavu, walikwenda mbali, huko Rongui na Vamizi, wakilala visiwani mpaka samaki wakauke. Hao walivua kwa riziki. Sisi tuliobaki tulivua kwa raha zetu. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kula, bibi yangu alijifunga kanga yake sawasawa, akaniambia, "Haya, mke mwenzangu, twende tukanyooshe mshipi." Kunyoosha mshipi ndilo jina tulilolipa jambo lile. Hakuna aliyesema anakwenda kuvua, maana kuvua ni kazi na Ijumaa mchana haikuwa ya kazi.

Kabla ya kuondoka nilikuwa na shughuli zangu. Nilikuna nazi mbili na kuziacha zimefunikwa kawa, nikatwanga pilipili na chumvi, nikatayarisha chambo. Chambo chetu kilikuwa mkono wa pweza uliopigwapigwa jiweni mpaka ukalainika. Mikono yangu ilinuka pweza hadi Jumatatu, na shuleni wenzangu walikuwa wakiziba pua. Sikujali hata kidogo. Nilijua wao hawakula nilichokula mimi Ijumaa usiku.

Mwamba wetu uliingia baharini kama goti la mtu aliyekaa. Upande mmoja maji yalikuwa ya kina, na huko ndiko tulikotupa mishipi. Upande wa pili palikuwa na bwawa la maji mafupi lenye majani ya bahari, ukitazama chini unaona watoto wa changu na tasi, makundi kwa makundi, wakizunguka pamoja na kugeuka pamoja. Bibi alipaita chuoni. "Angalia," aliniambia, "wapo wanasoma. Usiwatie mkono watoto wa watu." Chuoni hakuna aliyetupa ndoana, hata kwa mzaha.

Lakini watoto ni watoto, wengine hutoroka chuo wakaenda kudoea upande wa kina. Huyo ukimvuta, ulimpima kwa mkono wako. Asipofika shibiri moja ulimrudisha majini, na wakati unamrudisha sharti umwambie, "Nenda kamwite mama yako." Ulisema kwa sauti, watu wasikie. Usiposema, bibi alikugeukia na jicho lake lile. Na samaki wa mwambani hauzwi. Aliliwa usiku uleule, au alipelekewa jirani mgonjwa.

Kila mtu alipima kwa mkono wake, na hapo ndipo palipokuwa na vichekesho. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi cherehani, mwanamume mzima mwenye ndevu, lakini viganja vyake ungesema vya mtoto wa chekechea. Samaki ambao sisi tuliwatuma kwa mama zao, yeye aliwatia kikapuni. Bibi alimwambia, "Fundi, Mungu amekunyima mikono akakupa samaki." Fundi alicheka kuliko wote. Tulikuwa watu wachache, na vidole vya fundi havikuweza kuimaliza bahari.

Halafu ikaja gesi. Nilikuwa darasa la nne. Kwanza zilionekana meli, usiku zikiwaka taa upeo wa macho mpaka ungedhani kuna mji umezaliwa baharini. Halafu redio ikasema gesi imeonekana, nyingi ajabu. Bibi akauliza, "Imeonekana? Kwani ina rangi gani?" Baadaye wakaja watu. Madereva, walinzi, mafundi wa mabomba, wauza kuku wa barafu, na wote tuliwaita watu wa gesi, hata yule aliyekuja kuuza miwani ya jua.

Miongoni mwao alikuwepo mpishi wa kambi. Alitoka kusini kabisa, Inhambane, jitu la mtu, kicheko chake kilisikika kabla hajatokea. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Alikuja mwambani na fimbo ya kuvulia inayong'aa, na nyuma yake wenzake wa kambini, kila mmoja na mshipi wake. Wakatupa ndoana wapi? Chuoni! Ndoana ndogo, zile za kuvulia vidagaa. Mpaka jua linashuka ndoo yao imejaa watoto wa changu, wadogo wa kukaanga mpaka wakatafunika na miba.

Bibi hakugomba. Alikunja mshipi wake, akanishika mkono tukaondoka. Nyumbani akaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huyu akija Ijumaa tano tu, chuo kitafungwa. Na chuo kikifungwa, mke mwenzangu, mwambani tutakwenda kufanya nini? Kutazamana?" Nikaona macho yake yamelowa. Ndipo nilipojua kwamba kwake Ijumaa ile haikuwa ya samaki tu. Babu alikuwa amekufa, watoto wake walikuwa wametawanyika, na mwambani ndipo alipokuwa akicheka.

Ijumaa iliyofuata aliwapokea na vitumbua. Wakala. Wakiwa bado wanalamba vidole akawaonyesha chuo, akawaonyesha shibiri, akawafundisha maneno ya kumwambia samaki. Mpishi alipenda sana. Alipima samaki wake wa kwanza kwa kiganja chake kile kama sinia, hakufika. Wa pili, hakufika. Akageuka akamwona fundi anatia kikapuni kijisamaki nusu ya wake.

"Vovó!" alimlilia bibi, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Huyu mkono yake dogo, yeye kula. Mimi mkono kubwa, mimi kula lini?"

Watu walicheka mpaka mmoja akadondosha chubwi lake, ile risasi ya kuzamishia mshipi, likaenda zake chini. Lakini mpishi alikuwa na haki, na bibi aliona. Akasema basi, kuanzia leo mkono ni mmoja kwa wote. Akatazama huku na huku, akaukamata wangu. Nilikuwa na vidole virefu kuliko umri wangu. "Huu hapa. Si wa jitu, si wa fundi."

Ndivyo nilivyopata cheo. "Shibiri! Njoo upime!" Huku wananiita, kule wananiita, nakimbia juu ya mwamba miguu mitupu. Na rushwa, usiseme! Fundi alinishonea mfuko wa madaftari, akaninong'oneza, "Mwanangu, ukipima changu wangu ukunje vidole kidogo." Mpishi aliniletea bolo, keki yao, kutoka kambini, kipande kikubwa kimefungwa kwenye karatasi. Nilikula bolo, nikabeba mfuko, na vidole nikavinyoosha mpaka vikauma. Bibi alikuwa akinitazama.

Kila mwaka, Idi pili, tulikuwa na mashindano. Wa kwanza kuvuta samaki aliyefika shibiri ndiye aliyekuwa Sultani wa Mwamba. Alipakuliwa wa kwanza kwenye sinia la wali wa nazi, na mwaka mzima alikuwa na ruhusa ya kutamba. Idi ya kwanza na watu wa gesi, Sultani alikuwa fundi. Mpishi aliumia. Akakata kijiti sawasawa na mkono wangu, akakitia mfukoni, na kutwa nzima kambini, hivi ndivyo wenzake walivyosema, alikuwa anakitoa na kukitazama katikati ya masufuria.

Idi iliyofuata bahari ilikuwa imetulia. Mishipi ikatupwa. Sijui hata kama tulikuwa tumekaa vizuri, mpishi akapiga yowe. Changu! Mwekundu wa mapezi, anarukaruka. Akatoa kijiti chake, akampima. Sawasawa, pua mpaka mkia. Akaanza kucheza ngoma ya kwao juu ya mwamba, wenzake wanapiga makofi, huyo samaki ametiwa kwenye beseni la maji.

"Shibiri," bibi akaita. "Kapime."

Nikapima. Samaki hakufika. Alipungua ukucha mmoja.

Nikapima tena. Ukucha mmoja. Fundi akachukua kijiti, akakiweka kwenye mkono wangu, akaguna. "Mama, mtoto ameota mkono!" Kwa mwaka mmoja nilikuwa nimerefuka, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto hukua. Fundi, ambaye kazi yake ni kupima watu, akamtetea mpishi. "Futi yangu ya cherehani nimeinunua sijaoa, haijarefuka hata kidogo. Kipimo hakikui, mama. Kijiti ndicho cha haki."

Watu wakagawanyika. Wapo waliosema kijiti, wapo waliosema mkono. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilimpenda mpishi, na bolo lake nililila. Wenzake wa kambini walikuwa wamesimama wanamtazama bibi, na mmoja wao tayari alikuwa anatafuta kijiti cha kukata, kifupi zaidi. Bibi akakiona kile kijiti. Kama siku ile kijiti kingeshinda, Ijumaa inayokuja kila mtu angekuja na chake.

Akanishika kiganja akakiinua watu wakione. "Kijiti hakikui kwa sababu kimekufa," alisema. "Mkono huu uko hai. Mwacheni mtoto akue, na samaki nao waacheni wakue. Mwakani atakuwa mrefu zaidi, na nyinyi mtakula mkubwa zaidi. Hasara iko wapi?"

Mpishi alimtazama samaki wake, mdomo umemshuka kama mtoto aliyenyimwa. Mimi nikaanza kulia. Ndipo akanitazama, akakitupa kijiti baharini, akabeba beseni kwa mikono yake yote miwili mpaka ukingoni, akainama. Maneno yetu alikuwa amefundishwa mara nyingi na hakuyaweza hata siku moja. Akasema kwa sauti yake nene, "Nenda ita mama!" Akamwaga.

Mwamba mzima ulilipuka. Fundi alicheka akakaa chini. Bibi, mwanamke wa heshima zake, alishika mbavu akasema, "Nenda ita mama! Jamani, nenda ita mama!" na machozi yakimtoka. Sultani wa Mwamba mwaka ule alikuwa mwanamke mmoja jirani wala hakuna aliyemkumbuka, kwa sababu bibi alimpakulia mpishi kwanza. Kichwa cha samaki wa kupaka, chenye nazi nzito na ndimu, akamwekea juu ya wali. Mimi nilikaa karibu yake, naye akala akilia pilipili na kucheka pamoja.

Baada ya hapo watu wa gesi walikuja bila vijiti. Mkono wangu uliendelea kukua, na kweli samaki wetu wakawa wakubwa mwaka hata mwaka, na chuoni pakajaa mpaka maji yakawa meusi kwa watoto. Nilipofika kimo cha mtu mzima tulilinganisha viganja, mimi na bibi. Vilikuwa sawa. "Sasa umenimaliza," alisema, na akafurahi kwelikweli.

Kilichofuata unakijua. Uzio wa gesi ulijengwa, kijiji kikahamishiwa bara, nyumba za bati zilizopangwa mistari, na mwamba ukabaki upande ambao hatuendi. Bibi alifia huko, mbali na harufu ya maji. Mshipi wake ulitundikwa ukutani mpaka siku ya mwisho. Halafu zikaja zile siku mbaya za kukimbia wavamizi wenye bunduki, nami nikavuka Ruvuma nikakaa Mtwara. Mpishi alirudi kwao, sikupata tena habari zake. Miaka yote hiyo nilidhani Ijumaa zetu zimezikwa pamoja na bibi. Nilijizuia kuzikumbuka, maana zilikuwa tamu mno.

Na sasa msichana huyu, sare ya jikoni, mkono umetanuka juu ya changu.

"Shikamoo, dada," aliniambia, maana nilikuwa nimemsimamia.

"Marahaba. Unapima nini?"

"Shibiri. Asiyefika hapelekwi nyumbani."

"Nani kakufundisha?"

Akashangaa swali. "Watu wote kambini wanafanya hivi. Nilikuta wanafanya." Alikuwa mgeni kutoka Nampula, kabila lake Mmakua, na mwamba wetu hajawahi kuusikia. Akamtazama tena changu wake. "Huyu kwangu amefika. Jaribu kwa mkono wako, dada, wako mrefu."

Nikachuchumaa. Nikautanua mkono wangu, mkono wa bibi, juu ya samaki yule wa baridi anayetweta. Alipungua ukucha.

"Hakufika," nilisema, na sauti yangu haikuwa sawa. Nikambeba kwa viganja viwili mpaka majini. "Nenda kamwite mama yako."

Msichana akacheka. Alinigusa bega kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni wa mji.

"Hapana, dada. Hivyo siyo. Hapa kwetu tunasema, nenda ita mama."