Jiwe la Nofri

Katikati ya picha iliyo ukutani mwa kanisa letu dogo, ng'ambo ya mto Arno, kuna tundu la msumari. Msumari wenyewe haupo, na aliyeupigilia hawezi tena kujitetea.

Aliitwa Nofri, fundi wa lipu, mgane mwenye mikono iliyochubuliwa na chokaa. Mchoraji alipokuja kutuchorea Malaika akimpasha Maria habari, Nofri ndiye aliyepigilia msumari ule, akafunga uzi uliopakwa makaa, akauvuta na kuuachia. Kila mstari wa nguzo na sakafu za pichani ukaanzia hapo. Kisha akarudi nyuma hatua kumi na moja, akatia alama ya mkaa kwenye jiwe moja la sakafu.

"Simameni hapa, mfumbe jicho moja," alituambia. "Ukuta utafunguka, mtaona ua wenye nguzo."

Wiki hiyohiyo kalisi yetu ya fedha, kikombe cha divai ya misa, ikapotea.

Ser Lapo, mwandika hati na mkuu wa chama chetu cha ndugu wa kanisa, alimwita Nofri mbele yetu sote.

"Jiwe moja tu, kati ya mawe yote haya? Mtu hatii alama bure. Chini yake pana nini?"

"Mchanga, mzee."

"Tutaona. Ikipatikana humo, jina lako tunalifuta kwenye daftari la chama, na ukifa utazikwa nje ya kuta kama mbwa."

Mke wa Nofri alikuwa amezikwa chini ya sakafu ileile.

Tuling'oa jiwe. Ser Lapo akaingia mwenyewe, akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni. Mchanga mtupu. Akainua macho ukutani, akang'aka: "Mnaona? Hata nguzo zake zimepinda!"

"Umeshuka mno, mzee," Nofri akasema. "Panda, zitanyooka."

Tulicheka. Ser Lapo hakucheka. Jiwe liliporudishwa, alisimama juu yake, akafumba jicho moja, akaitazama picha.

"Basi kalisi kaihamisha," akasema.

Jina halikufutwa. Lakini tangu hapo, kila Nofri alipotoka kusali, mimi nilihesabu vinara vya mishumaa.

Homa ilipomchukua, tulibishana pa kumzika. Ser Lapo akakata shauri: "Mlazeni palepale. Angalau tutajua yuko wapi."

Kalisi haijaonekana hadi leo. Nofri yuko chini ya jiwe lile, hatua kumi na moja kutoka ukutani, nne kutoka kwa mkewe, na kila anayetaka kuiona picha sawasawa humkanyaga.