Msomaji wa Alhamisi

Kila Alhamisi mchana akina mama wa kanisa waliketi wamejifunika mablanketi, na msomaji wao akaifungua Biblia taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Kidole chake kilitembea chini ya maneno. Akifika pasipomwingia akilini alivuma kooni kama nyuki, huku ukungu wa milima ya Lesotho ukipita dirishani. 'Mathato, mmoja wa akina mama hao, alikuwa akisinzia kwa sauti ile. Tangu amzike kichanga chake, hakupata usingizi mahali pengine. Siku hiyo hakusinzia; alimuuliza msomaji:

"Mama, wanasema mwanangu hakubatizwa, kwa hiyo mbinguni hayumo. Ni kweli?"

"Wewe nawe! Si umuulize mchungaji?" jirani yake akamfinya.

Msomaji alivuma kwa muda mrefu. Kisha akarudisha kurasa nyuma, akasoma habari za mfalme Daudi aliyefiwa na kichanga, akaoga, akala, akasema mtoto hatarudi kwake, ila yeye atamwendea.

"Yule mtoto alikufa siku ya saba," akasema. "Kwao walitahiri siku ya nane. Aliondoka bila alama yoyote, mwanangu, na baba yake alijua watakutana."

"Alijuaje?"

"Hapo sijapaelewa bado. Nami nina watoto wawili huko. Ukurasa huu nimeusoma mpaka umelegea."

Jioni ile 'Mathato alichemsha maji, akaoga, akasonga ugali akala na mumewe. Walipokuwa wakila akalitaja jina la mtoto, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mumewe akalirudia.