Kinyozi wa Nusu Kichwa

Saa moja asubuhi, upepo wa Dodoma umeshaamka zamani na kumwaga vumbi lake la kwanza juu ya vichwa vya watu. Jirani na stesheni, kwenye kibanda cha mabati, Rehani bin Selemani anaburuta benchi lake hadi mlangoni, anakoroga povu la sabuni, kisha ananoa wembe kwenye mkanda wa ngozi.

Mteja wa kwanza anaketi. Rehani anamnyoa upande wa kulia, taratibu, hadi utosini. Hapo anasimama.

"Umesema jirani yako ni mchawi. Umejuaje?"

"Ah, Rehani, malizia kwanza! Nasafiri kwenda Gulwe, gari la moshi hilo linakuja."

"Nalisikia. Mchawi umemjuaje?"

Gari la moshi linafika, linapiga honi, linaondoka. Mteja yupo palepale kwenye benchi, nusu kipara, nusu msitu, akijaribu kukumbuka ni nani hasa aliyemwambia kwamba jirani yake ni mchawi. Wanaomfahamu Rehani husema si wa kwanza. Kuna bwana mmoja, wanaapa, aliyekaa na nusu kichwa mpaka upande ulionyolewa ukaota tena, ikabidi aanze upya.

Maswali hayo Rehani hakuyaokota njiani. Wadachi wanaotutawala walimpeleka Berlini, kwenye chuo kikuu cha serikali, awe mwalimu wa matamshi. Kazi yake ilikuwa kusema "ng'ombe", na vijana wanaotarajia kuletwa huku kutawala wanasema baada yake, mpaka mate yawaishe. Kazi ikiisha, alivuka ukumbi na kuketi nyuma kabisa ya darasa la falsafa, mahali palipo na jiko la makaa.

"Mwanzo nilifuata joto," anasema Rehani. "Baridi ya kule, ndugu yangu, hata kivuli changu kiligoma kutoka nje. Lakini nikamsikia profesa anauliza, mtu anajuaje kile anachosema anakijua? Nikasahau jiko. Nilikaa pale mpaka kanzu ikaanza kuungua."

Alirudi baada ya miaka miwili. Mji mzima ukaenda kulipokea sanduku lake. Watu walitazamia bunduki, dawa, au angalau saa ya ukutani. Ndani mlikuwa na kanzu iliyoungua na wembe mmoja mzuri.

Aliyeudhika kuliko wote ni mzee Rajabu, mfanyabiashara wa chumvi na majembe, ambaye babu yake alifika hapa na misafara. Rehani alikwenda kwake kumposa binti yake, Stara, anayekaanga vitumbua kando ya stesheni. Mzee alimsikiliza, kisha akamwuliza jambo moja tu.

"Seremala akisoma, tunapata kiti. Fundi chuma akisoma, tunapata jembe. Wewe hiyo falsafa yako imezaa nini?"

Rehani alifungua kinywa. Mzee akamwonyesha mlango. "Siku utakayonionyesha falsafa yako ilikofika, ndiyo siku utakayorudi."

Ndipo Rehani akaanza unyozi. Kwa kichwa kimoja hupata hela tano, na kwa jinsi anavyouliza, siku ikiwa nzuri sana hunyoa vichwa vinne. Mjini alikuwapo kinyozi mwingine, mwenye haraka zake, lakini huyo amefuata reli inayokwenda Tabora. Kwa hiyo juzi Jumatatu, nywele zilipomzidi, mzee Rajabu hakuwa na pa kwenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyoa. Usiniulize kitu."

Rehani akanyoa kimya. Ila mzee alikuwa na jambo linalomkereketa, na mtu wa namna hiyo hahitaji kuulizwa. Alianza mwenyewe kumlaani Yotham, mfugaji wa Miyuji, rafiki yake tangu ujana. Alimpa Yotham ng'ombe amtunzie, kama ilivyo desturi ya huku: maziwa ya mtunzaji, ndama wa mwenye mali, na ng'ombe akifa, mtunzaji analeta ngozi ionekane. Ng'ombe alikufa wakati wa ukame. Yotham alileta ngozi, lakini imeraruliwa, na ule upande wenye baka jeupe haupo.

"Eti fisi wameula! Fisi gani hao wenye akili, wanachagua baka?"

"Angeleta ngozi nzima, ungeamini?" Rehani akauliza.

"Ningesema ni ya ng'ombe mwingine."

"Akileta mashahidi?"

"Ndugu zake hao!"

"Akiapa?"

"Mwongo anaogopa kiapo?"

Rehani akaufuta wembe, akauweka chini. "Basi, mzee wangu, wewe hutafuti ng'ombe. Unatafuta nini?"

Mzee Rajabu aliinuka kama aliyekalia siafu. Akajifunga kilemba juu ya nusu kichwa chake, akakatiza katikati ya soko. Upepo wa Dodoma hauna adabu. Ulikichukua kilemba mbele ya wauza mtama, ukamvisha punda. Wanaoapa wanaapa kwamba hata punda alicheka.

Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya Miyuji, jua utosini, likiichoma nusu moja zaidi ya nusu nyingine.

Yotham alikuwa zizini. "Mbukwa, Rajabu," alimsalimu kwa Kigogo chake. Kisha akamtazama vizuri. "Nani amekufanya hivyo?"

"Achana na kichwa. Mbona huji kwangu kunywa kahawa?"

"Nije na uso gani, nawe ulishaniita mwizi?"

Mzee aliegemea ua wa zizi. "Kahawa imekuwa chungu," akasema. "Naikoroga peke yangu."

Jioni hiyo wawili hao waliingia kibandani kwa Rehani wakiwa wameshikana mikono. Habari ya ng'ombe, mzee alisema, waulizwe fisi.

"Malizia," akaamuru, akaketi. Wembe ulipogusa upande wa kushoto, akaongeza, "Nimeona falsafa ilikofika. Imefika Miyuji. Lakini nami nina swali. Unasema Stara anakutaka. Umejuaje?"

Rehani akauchovya wembe kwenye povu kwa upande wa mpini.

"Ulinijia mimi," mzee akaendelea. "Yeye ulimwuliza?"

Yotham alicheka mpaka akajishika mbavu. Walioshuhudia wanasema ndiyo mara ya kwanza Dodoma kuona kichwa kikimwuliza kinyozi.

Rehani alimalizia kichwa cha mzee, akaenda kwenye kikaango cha Stara. Mwenyewe Stara anasimulia huku akigeuza kitumbua. "Nikamwambia, mji mzima umeuuliza maswali, mimi peke yangu nimepitwa. Akasema, 'Basi nakuuliza.' Nikamwambia, subiri mpaka Ijumaa. Nawe uonje kutembea na nusu kichwa." Anatabasamu. "Halafu nikamwuliza, hilo benchi lako la mtu mmoja, mtu wa pili atakaa wapi?"

Leo ni Jumatano. Mteja mwenye jirani mchawi amekosa gari la moshi, lakini amekumbuka kwamba hakuna aliyemwambia, naye anamaliziwa upande wa pili. Rehani anasema anatamani siku moja nchi hii iwe na chuo kikuu chake cha serikali, hapahapa Dodoma, mtoto wa mfugaji na wa muuza vitumbua waketi humo na kuuliza bila kunyolewa.

"Jibu la Stara unalijua?" mteja anamwuliza akiinuka.

"Silijui," anasema Rehani. Anainama na kuokota msumeno. Nyuma ya kibanda kuna mbao mpya, naye anapima benchi la kutosha watu wawili.