Konokono Wenye Madoa Mekundu

Bwana Tuckwell hakupiga kengele. Aligonga mlango kwa ngumi, jambo ambalo halifanyiki kijijini kwetu Brockhope ila nyumba ikiwaka moto, na nilipofungua akanisukumia bakuli la bati mikononi. Ndani mlikuwa na konokono wanene, wakipandana, na kila mmoja alikuwa na doa jekundu juu ya gamba lake.

"Hawa ni wa kwenu, Bi. Pugh," alisema. "Nimewatoa kwenye kabichi zangu za maonyesho. Njoo uone matundu yake, utadhani nimezipiga risasi."

"Konokono hawana anwani, Bwana Tuckwell."

"Hawa wanayo. Wamepigwa muhuri."

Kisha akashusha sauti. Alisema mtu anayerushia jirani yake konokono juu ya ua unaotenganisha bustani zao hafai kushindana naye kwenye meza ya maonyesho. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maonyesho ya kijiji, na kamati inakutana Alhamisi. Ingawa itamuuma sana, ataomba jina la Pugh liondolewe mwaka huu. Akanitakia siku njema, akaondoka. Kwetu hata vita hutangazwa kwa kutakiana siku njema.

Maharage ya akina Pugh yamekuwa kwenye meza ile tangu enzi za babu yake marehemu mume wangu, mbegu ile ile, hayajakosa hata mwaka wa mafuriko. Yasipoonekana, watu watauliza kwa nini, na wa kuwajibu hakosekani. Lakini kilichonikaa kooni zaidi ni lile doa. Nililitambua. Ilikuwa rangi ya kucha niliyonunua kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu.

"Thirza!" niliita.

Thirza ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, Clement. Aliwapikia watoto wa shule viazi na pai mpaka akastaafu, hakuolewa, na tangu kaka yake afariki tunaishi pamoja katika nyumba ya wazazi wao. Ni mwanamke asiyeweza kupita jambo bila kuliuliza. Ibadani, kasisi alipokuwa akisoma majina ya wagonjwa, Thirza alisimama akauliza kama kuna mwenye kujua popo wa pale darini wanaingilia wapi. Akimwona kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, akichakura chini ya ua, husahau birika jikoni mpaka likauke. Watu humpenda, nakiri, lakini humpenda kwa kicheko, na mimi sipendi jina letu lichekwe.

Alitoka bustanini na majani kichwani. Alipoona bakuli, uso ulimchangamka kama aliyepokea wageni.

"Kumbe mko huku!" aliwaambia konokono.

"Wifi, umewarushia kwa Tuckwell?"

"Mimi? Hata mmoja sijarusha. Nilitaka kujua kama kila mmoja ana mahali pake pa kulala, au analala popote kama mlevi. Nikawapaka, nikawarudisha pale pale nilipowaokota, chini ya vyungu vya maua."

"Kwa rangi yangu."

"Ilikuwa inakauka tu, wifi. Na wewe mwaka huu huna harusi." Akamwinua mmoja, akamgeuzageuza. "Lakini wamefikaje kwa Tuckwell? Wameacha saladi zetu changa, wakapita upupu na miiba yote ile kwenda kula kabichi ngumu? Kwa nini?"

Nilimwambia swali si hilo. Swali ni tutasema nini Alhamisi.

"Hapana, wifi," alisema. "Swali ndilo hilo hilo."

Nilipokwenda dukani kesho yake, habari ilikwisha kunitangulia. Mama Beddoes, mwenye duka, alinifungia mkate taratibu, macho chini.

"Na rangi ya kucha je, Bi. Pugh? Naona ya kwenu inakwisha upesi. Konokono wanakwenda harusini?"

Waliokuwa nyuma yangu wakakohoa kwa pamoja. Nikalipa, nikasema hali ya hewa ni nzuri, nikatoka. Nilipofika nyumbani nilimwambia Thirza kwamba kama jibu limo ndani ya ule ua, nitapiga magoti nilitafute mwenyewe.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na konokono hupenda hivyo. Kulipopambazuka tulitandika gunia chini ya ua, mimi katika koti langu la kanisani, maana ndilo pekee lisilopitisha maji. Ua ule ni wa miti ya miiba, na mawaridi-mwitu yamepenya katikati. Kwa miaka yote niliyoishi pale nilikuwa nimeutazama kwa juu tu, kuona kama umekatwa sawa. Sikujua kwamba chini yake mna njia. Palikuwa na upenyo wa kalunguyeye uliosuguliwa ukalainika, na jiwe bapa lililozungukwa na vipande vya magamba. Thirza aliniambia hapo ndipo ndege mwenye madoa kifuani huwapigiza konokono mpaka wapasuke.

"Tazama," alininong'oneza.

Konokono mwenye doa jekundu alikuwa akishuka kutoka kwenye mmea wa maharage yetu. Alipita kando ya saladi, asiiguse. Alifika kwenye upupu, akanyoosha pembe zake, akaingia. Nyuma yake alikuja mwingine, kwa njia ile ile, kama wafanyakazi wanaowahi basi.

"Anakwenda wapi huyu, na chakula kiko hapa?" Thirza aliuliza. Na mimi, sijui kwa nini, nilikuwa nimezuia pumzi. Nilitaka kujua kweli.

Ndipo kitu kikanipiga mgongoni. Kingine kikaanguka kwenye maharage, tap! Thirza akakiokota: konokono, asiye na doa. Tukasikia upande wa pili buti zikikanyaga changarawe, na mtu akihema. Akaruka wa tatu juu ya vichwa vyetu.

"Wifi!" Thirza alipiga kelele ambazo zingetetemesha sahani zote za shule. "Hawatoki kwetu! Ni wa kwake! Anawarusha, nao wanarudi kwao! Konokono wanajua kwao!"

Buti zikasimama. Niliinuka, nikakung'uta koti, nikachungulia pale ua ulipo mfupi. Bwana Tuckwell alikuwa amevaa nguo za kulalia na buti za mpira, ndoo mkononi.

"Habari za asubuhi, Bwana Tuckwell."

"Nzuri, Bi. Pugh." Alitazama ndoo kama aliyekabidhiwa na mtu mwingine. "Mvua imesaidia."

"Imesaidia sana."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Marehemu Clement ndiye aliyeanza," alisema hatimaye. "Nilikuwa nikiwaona wakija juu ya ua."

"Marehemu alikuwa mtu wa haki," nilimjibu. "Bila shaka alikuwa akirudisha."

Nilimweleza kwamba sina haja ya kamati kusikia habari za nguo za kulalia za mtu yeyote. Lakini wifi yangu amesemwa dukani, kwa hiyo atasafishwa dukani. Akatikisa kichwa kukubali. Thirza hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameshika matawi ya miiba kwa mikono mitupu.

"Bwana Tuckwell, huwa unawarusha ukiwa umesimama wapi? Ukiwapeleka mbali zaidi, mpaka kanisani, unadhani watarudi?"

Jumatano, duka likiwa limejaa, Bwana Tuckwell alinunua stempu, akavua kofia, akamwambia Mama Beddoes: "Wale konokono walikuwa wangu." Brockhope sentensi kama hiyo hutosha mwaka mzima. Mama Beddoes alimtazama, akanitazama, akanipimia jibini zaidi ya niliyolipia.

Siku ya maonyesho, maharage yetu yalikaa mezani mahali pake na kupata nafasi ya pili. Kabichi za mwenyekiti, zenye matundu, hazikupata kitu. Jioni ile alikuja, safari hii akapiga kengele. Alikuwa na bakuli lile lile la bati, limejaa.

"Hawa ni wangu, Bi. Pugh. Dada Thirza aliniomba. Anasema niwapeleke mpaka kanisani, lakini kwanza wapakwe."

Nilimwita Thirza. Kisha nikapanda ghorofani kuitafuta ile chupa ya rangi. Ilikuwa imebaki kidogo, lakini ilitosha.